Wimbo Uliomshinda Lemayian

Ndugu zangu, leo bondia wangu ameshindwa na wimbo.

Lemayian alikuwa akipigania nafasi ya mwisho katika timu ya mkoa, hapa Kitengela. Kwa miezi mingi nimemfundisha jambo moja: asirukeruke kwa mdundo mmoja. Bondia ambaye mdundo wa miguu yake unajulikana humwonyesha mpinzani wakati wa kumpiga.

Raundi ya kwanza alitii. Miguu yake haikutabirika, na mpinzani wake, kijana kutoka Magadi, akawa anapiga hewa.

Kisha wakafika kina mama kutoka Kisaju, wakiongozwa na mama yake mzazi. Wakaanza kumwimbia wimbo ambao wamorani, vijana mashujaa wa Kimaasai, huurukia wakicheza ngoma.

Mnaujua wimbo huo. Miguu iliyolelewa nao haiombi ruhusa.

Lemayian akawa anapanda na kushuka sawasawa na sauti zao. Mpinzani alisikiliza kidogo tu. Baada ya hapo, kila Lemayian aliposhuka, ngumi ilikuwa ikimsubiri.

Nikamkimbilia mama yake. "Yeyo, mama yangu, tafadhali, nyamazeni kidogo."

"Mwalimu, mtoto anapigwa na wewe unataka tunyamaze?" Akawageukia wenzake. "Ongezeni sauti."

Wakaongeza. Raundi ya tatu sikuitazama. Niliisikia tu.

Sasa niambieni, ningefanya nini? Ila kabla hamjawalaumu kina mama, jueni kwamba wiki iliyopita kuna mtu alifunga safari hadi Kisaju kuwaomba waje kumtia moyo.

Mtu huyo ni mimi.