Kaseti Sita Kutoka Shamba la Mpunga

Niliondoka Kampala kwa sababu kaseti ziliniishia. Kumi na mbili za Kichina cha ngazi ya chini nilizisikiliza kwenye fleti yetu Bukoto mpaka dada yangu akawa anahesabu vitunguu kwa Kichina bila kutaka. Aliyenipa ni Mwalimu Lin, Mchina mtaalamu wa mpunga kule mashariki, aliyekuwa akileta barua zake ofisini nilikokuwa mpiga chapa. Ofisi ilifungwa siku bosi wetu alipochukuliwa na watu wasiojitambulisha, asirudi. Lin akatuma neno: shamba linahitaji mkalimani, kazi ni yangu nikimaliza ngazi ya kati, ila kaseti zake nizifuate mwenyewe, anisikie kwanza.

Alhamisi asubuhi, Wafula, dereva wa lori la shamba, alinipitia Bukoto. Dada yangu alisema nyakati hizi mwenye akili hatembei na redio ya kaseti inayoongea lugha asiyoijua askari. Alisema kweli, lakini mimi ni mkaidi, na kukaa bila kazi kulikuwa kumenichosha.

Saa kumi jioni, shambani. Lin alitokea kwenye majaruba, suruali ameikunja, akaniuliza kwa Kichina kama nimekula. Nami, kwa matamshi safi kabisa, nikarudia vilevile: umekula? Akasema amekula. Akauliza kama nimechoka. Nikarudia na hilo. Miezi minane kaseti ilisema, ikanyamaza, nami nikarudia. Ulimi haukujua kazi nyingine.

"Mimi si kaseti," akasema kwa Kiswahili chake cha shambani. "Mimi nauliza, wewe jibu."



Ijumaa kutwa nilimfuata matopeni. Kila niliporudia maneno yake alinipa mgongo akaenda zake, na jioni nililia kwa hasira. Jumamosi aliniuliza maji yamefika wapi. Nikajibu yamekwama jaruba la tatu, mfereji umeziba. Hakunisifu, aliuliza tu nani aliyeuziba. Jioni nikapewa kaseti sita. Alinionya kwamba hizi hazina tafsiri wala hazimsubiri mtu.

Jumapili saa nne, tukirudi Kampala, kizuizi cha wanajeshi karibu na msitu wa Mabira. Koplo mmoja alizikuta kaseti, akaniamuru nicheze ya kwanza, ambayo hata mimi sikuwa nimeisikia. Sauti mbili zikaenda mbio.

"Hii iko nasema nini, dada? Usinidanganye."

Nikamwambia kijana anatafuta gari la moshi, mama yake mgonjwa, na karani anamjibu halipo. Sababu sikuielewa, nikasema sikuielewa. Akairudisha mwanzo, nikaeleza tena. Mara ya tatu neno la ile sababu likanifungukia, nikafurahi, mjinga mimi, mbele ya bunduki.

"Daraja limevunjika, afande."

Wafula alifumba macho; nyakati hizi mbele ya wanajeshi hutaji daraja kuvunjika. Koplo akauliza daraja gani. La huko kwao, nikasema, limebebwa na mvua.

"Na huyu mama yake? Kijana alifika?"

Tuliisikiliza mpaka mwisho. Kijana alibaki stesheni.

"Ukijua, utaniambia," akasema, akanirudishia zote sita.

Kampala, wiki zilizofuata. Nilisikiliza nikiwa nimejifunika blanketi, sauti chini majirani wasisikie. Mazungumzo yaliyonishinda niliyacheza mara kumi, yakinishinda tena niliyacheza ishirini. Kwenye kaseti ya nne nikajua habari za yule mama, nikaizima redio nikakaa.

Mwezi wa tatu nikapanda tena lori la Wafula, sasa nikienda kuanza kazi. Njia nzima nilitunga mwisho mwema wa kumpa koplo. Nani angejua? Kichina pale nilikijua mimi peke yangu, na ndiyo maana nikaona siwezi: ukikubali kubeba maneno ya mtu, unayafikisha yalivyo, hata yakiwa mazito.

Koplo alikuwa palepale. Alinitambua, akasogea dirishani, hakuomba kitambulisho.

"Alichelewa siku moja, afande," nikasema. "Alikuta wameshamzika."

Akatikisa kichwa, akaenda kuinua gogo la kizuizi mwenyewe.