Barafu Haingoji Amina

Namshukuru Mungu kwa mengi, na mojawapo ni chumba cha chini cha kanisa letu hapa Louisville, Marekani, ambamo kila Jumamosi asubuhi nafundisha sayansi kwa Kiswahili. Wanafunzi wangu ni kumi na mmoja, wa darasa la sita hadi la nane. Wazazi wao hufanya kazi maghalani na viwandani, na wote wana kilio kimoja: ukimuuliza mtoto kwa Kiswahili, anakujibu kwa Kiingereza. Mimi nilifundisha miaka mingi katika kambi ya wakimbizi Tanzania, chini ya turubai, kwa chaki ya kugawana. Dawa niliijua. Dawa ni utaratibu.

Niliandika kanuni nne. Mwenzangu wa Columbus, mwenye darasa kama hili, akaniongezea tatu kwa simu. Mwingine wa Buffalo akaleta mbili, maana hakupenda kupitwa na Columbus. Nikazibandika zote mlangoni. Mwanafunzi apige hodi, asiingie mpaka aitikiwe. Amwamkie kila mtu mzima aliyemo, mmoja mmoja, kwa mkono. Kiingereza kibaki nje pamoja na viatu vyenye theluji. Wageni wajitambulishe. Tuombe, macho yote yamefumbwa. Na kadhalika, hadi kanuni ya tisa, yangu mwenyewe, iliyosema tufanye sayansi.

Kanuni ya tisa hatukuifikia mara nyingi. Sikuona hasara. Watoto walikuwa wanapiga hodi vizuri mno.

Kamati ya wazazi iliona tofauti. Mwenyekiti wake, mama Mkongo mwenye sauti ya kusimamisha gari, alinifuata baada ya ibada.

"Mzee, donc, kule chini batoto banajifunzaka siyansi ao banajifunzaka kusalimia?"

"Vyote, mama. Kwa mpangilio."

Akaniambia kamati itakuja Jumamosi. Ikikuta watoto wamefanya jaribio moja, wameliandika na kulieleza kwa Kiswahili, chumba ni changu. La sivyo, chumba watapewa walimu wa masomo ya ziada, wa Kiingereza. Sikulala vizuri wiki ile.

Nilichagua jaribio jepesi: kipande cha barafu ndani ya sufuria na kingine juu ya kibao cha kukatia mboga, tuone kipi kitayeyuka kwanza. Na kwa kuwa nimelelewa kwamba meza huandaliwa kabla mgeni hajakaribishwa, niliitoa barafu mapema, nikaipanga vizuri. Kisha nikafungua mlango.

Wageni walikuwa tisa. Watoto kumi na mmoja wakapiga hodi, mmoja baada ya mwingine, wakawaamkia wote tisa, kisha mimi.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," nikaitikia. "Mama hajambo? Na ule mguu wake?"

Wageni wakajitambulisha, na hakuna aliyesahau kutaja kijiji alikozaliwa. Ndipo nikaomba. Niliwaombea wenye zamu za usiku, mgonjwa wetu wa mtaa wa Shively, wanaosubiri makaratasi ya ukaazi, ndugu wa Columbus. Nikiwa njiani kuelekea Buffalo, nilisikia mnong'ono: "Babu, barafu."

"Nyamaza, tunaomba."

Baada ya amina nilifumbua macho. Ndani ya sufuria mlikuwa na maji. Juu ya kibao palibaki kitu mfano wa punje ya hindi.

"Bon," akasema mwenyekiti. "Barafu iko wapi?"

"Mzee ameiombea," akajibu baba mmoja. "Imetangulia mbinguni."

Walicheka hadi viti vikalia. Mimi nilikuwa nikikiaga chumba kimoyomoyo. Msichana wa darasa la saba, yule aliyenong'ona, akanyoosha mkono na kufungua daftari. Akasoma kwa Kiswahili, bila kukwama:

"Dakika ya sita. Ya sufuria imeanza kulowa. Babu anauliza habari za mguu. Dakika ya kumi na tano. Ya sufuria imebaki nusu, ya kibao bado ni nene. Mgeni wa tatu anajitambulisha. Dakika ya ishirini na nne. Tunaombea Columbus. Sufuria ni maji matupu. Hitimisho: sufuria hupitisha joto upesi kuliko kibao. Sala ilikuwa sawa kwa vyombo vyote viwili."

Nikamuuliza, "Ulifumbua macho wakati wa sala?"

"Jicho moja, babu."

Mwenyekiti alijifuta machozi ya kicheko. "Chumba ni yako, mzee. Lakini ile kanuni ya tisa, uipandishe juu."

Niliipandisha ikawa ya kwanza. Sala imebaki, dakika mbili, na msichana yule ndiye anayeshika saa; macho yake nimeacha kuyauliza. Mwenzangu wa Buffalo alipopata orodha mpya alipiga simu, amekasirika kwamba kanuni zake zimeshushwa hadi mkiani. Nilimtuliza. Kwao barafu imejaa uani bila kuyeyuka hadi majira ya kuchipua. Yeye aendelee tu kuomba.