Mbwa wa Fundi Cherehani

Watu walimwita Daktari Sindano, maana hakuna mnyama aliyetoka chumbani kwake bila kuchomwa. Mwenyewe alicheka. Kwa miaka ishirini, mbwa au paka akiharisha, alimpa vidonge vya kuua bakteria, vikiisha, vingine.

Kisha mpwa wake, binti wa dada yake, naye daktari wa wanyama, akaja kufanya kazi kwenye kliniki yake. Aliletewa paka aliyeharisha miezi miwili. Hakumpa kidonge. Alimbadilishia chakula tu, nyama ya aina moja ambayo hajawahi kuila, akamkataza mwenye paka kumpa kingine. Wiki ya pili kuharisha kukakoma.

"Bahati hiyo," mjomba akasema.

"Si bahati, Mjomba. Watafiti wamewajaribu wanyama wengi, wakawahesabu waliopona. Wengi hupona kwa chakula peke yake. Na vile vidonge vyako vikizidi hupanda kichwani. Mnyama huyumba, shingo ikapinda."

Mjomba akaweka kikombe chini. Alimkumbuka mbwa jike mweusi wa mwanamke mmoja fundi cherehani, miaka minne nyuma. Aliharisha, akampa vidonge. Akaharisha tena, akaongeza. Mwezi wa tatu mbwa akayumba kama mlevi, shingo upande. Yeye akasema ni uvimbe kwenye ubongo, akamchoma sindano ya mwisho, ya kumpumzisha, huku fundi amemshika mguu.

Alilitafuta faili kabatini, akamwonyesha mpwa wake. Mwandiko wake mwenyewe ukamsuta: dawa, dawa, dawa.

"Yaliyopita si ndwele, Mjomba."

"Kwako, mama. Kwangu ni ndwele."

Jumamosi akaenda dukani kwa fundi, akamweleza yote bila kujitetea. Fundi akaondoa mguu kwenye pedali.

"Kwa hiyo angepona?"

"Huenda. Hata kuacha vile vidonge pengine kungetosha."

"Nilikuuliza, Daktari. Nilisema, labda ni chakula. Ukaniambia nisijisumbue."

Hilo alikuwa amelisahau kabisa. 

"Nisamehe, dada."

"Nimekusikia. Sasa niache, gauni la watu linasubiri."

Siku hizi kila anayeingia kliniki huulizwa kwanza mnyama anakula nini, tena kwa undani hadi wengine huchoka. Akipita mbele ya duka, daktari husalimia. Fundi huitikia bila kuinua macho. Hajafuga mbwa mwingine.