Baridi Niliyomtafutia Mtoto

Binti yangu alisema hawezi kukaa Dubai kwa sababu kuna joto. Alisema hivyo kwenye simu, akiwa na miaka kumi, na mimi nikayachukua maneno yake kama yalivyo. Nikaanza kutafuta baridi.

Nieleze kwanza, maana mimi huruka mambo. Sisi ni watu wa Kinangop, juu kabisa, ambako asubuhi nyingine unaamka unakuta jalidi imeunguza majani ya viazi kana kwamba mtu alipita na moto. Nilikuja Dubai mtoto akiwa mdogo, akabaki na mama yangu, ambaye siku hizi kila mtu humwita Shosho, yaani bibi. Nilianza kwa kuosha vikombe katika mkahawa mmoja kule Jumeirah Lake Towers. Sasa mimi ndiye hupanga zamu za wenzangu, na wale wapya huniita madam, neno ambalo bado hunifanya nigeuke kuangalia nani yuko nyuma yangu. Mwaka jana karatasi zangu hatimaye ziliniruhusu nimlete mtoto aishi nami. Nilikuwa nimepata chumba mtaa wa Jumeirah Village Circle, chenye mlango wangu mwenyewe. Shule ilikuwa imempokea. Kilichobaki ni yeye kukubali.

Kuna watakaosema mtoto wa miaka kumi haulizwi, anaambiwa. Huenda wako sahihi. Kwetu mimi sikuulizwa chochote, na sikufa. Lakini nilitaka aje, si aletwe, na sijui kuieleza tofauti hiyo vizuri kuliko hivyo.

Alikuwa amewahi kuja mara moja, likizo ya Agosti, na Agosti ya hapa haimhurumii mtu. Kutoka mlangoni hadi kituo cha basi uso wake uligeuka kama nyanya. Kwa hiyo aliposema joto, nilimwamini. Nani asingeamini?

Shauri la meli lilitoka kwa dada mmoja wa Kizanzibari, rafiki yangu, anayefanya kazi kwa wakala wa mizigo kule Deira. Yeye alizaliwa hapa hapa, ila Kiswahili chake ni kile cha Unguja cha wazazi wake, na akikisema najiona nimevaa viatu vya shamba.

"Kosa lako umemleta wakati wa jua kali," aliniambia. "Mlete Januari, tumpandishe meli ya matembezi. Shamali ikivuma huko baharini, wee mwenyewe utaomba blanketi. Dubai hamna baridi? Nani kasema? Hajaiona tu!"

Shamali ni upepo wa kaskazini, nilikuja kuujua baadaye.

Mlinzi wa jengo la mkahawa wetu, Mkenya mwenzangu wa Kakamega, hucheka kabla hujamaliza sentensi. Alisikia mpango huo akashika mbavu. "Baridi tu? Si umpeleke kwenye ile friza yenu? Karibu na bure!" Friza yetu ni chumba cha chuma nyuma ya jiko, unaingia mzima mzima, na ndani tunaweka mikate na makatoni ya chipsi zilizogandishwa. Tulicheka sote. Lakini siku nafasi za meli zilipotangazwa kwa bei nafuu, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuomba likizo.

Basi tukawa watano: mimi, binti yangu, Shosho, dada wa Kizanzibari, na mlinzi. Shosho alikuja kwa sababu mtoto hakukubali kusafiri bila yeye. Hilo nililiona, nikajifanya sikuliona.

Nilikuwa nimemnunulia mtoto koti zito lenye manyoya shingoni, glavu, kofia, na viatu vya mpira vyenye sufi ndani. Mlinzi aliazima koti la mtu aliyewahi kufanya kazi Ulaya, likamfika magotini. Dada wa Kizanzibari alivaa sweta mbili chini ya abaya na kubeba blanketi. Tulipokuwa tukisubiri kupanda meli tulionekana kama watu wanaohama. Shosho alikuwa na gauni lake, leso begani, na ndala.

"Shosho, hutavaa soksi?" nikamuuliza.

"Za nini?"

"Baridi."

Akaangalia juu, akaangalia bahari, akaangalia zile ghorofa ndefu zinazong'aa. "Iko wapi?"

Nataka kuwa mkweli kuhusu meli: ilikuwa nzuri. Chakula kilikuwa hakiishi, na Shosho alikataa kuamini kwamba mtu anaweza kurudi kupakua tena bila kutazamwa vibaya. Chai tu ndiyo ilimshinda. Walimletea maji ya moto na kimfuko kinachoning'inia kwa uzi, akakitoa, akakiminya, akakiweka pembeni kwa heshima kama kitu cha mtu mwingine. "Hii chai haijapikwa," aliniambia polepole, asimwaibishe mhudumu. Mlinzi naye alisalimiana na kila mfanyakazi kana kwamba anagombea kiti cha ubunge, na kabla hatujaondoka bandarini tayari alikuwa amepata watu wa Kisumu, wa Mombasa na mmoja wa Kampala.

Siku ya kwanza mtoto alizunguka sitaha akiwa na lile koti kwa ajili yangu. Jasho lilimtiririka mashavuni. Kila nilipomuuliza, "Unasikia baridi?" alijibu, "Kidogo, Mami," akitazama pembeni. Mwishowe Shosho alimwambia avue koti kabla hajaugua, akalivua. Chini yake alikuwa na sweta ya kijani ambayo Shosho alimfumia, yenye mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Hapo nilihisi kitu nisichopenda kukiandika. Nilihisi kwamba Shosho ananinyang'anya mtoto, polepole, kwa sindano na uzi. Niliandika hivyo moyoni, na lazima niandike pia kilichofuata, maana ni haki yake. Jioni hiyo kabla ya chakula nilipita mlango wao ukiwa wazi kidogo, nikamsikia Shosho akisema kwa Kikuyu, "Kaa na mama yako. Mimi niko na majirani." Kwa hiyo nilikuwa namwonea. Sikungoja kusikia jibu la mtoto.

Siku ya pili tulitakiwa kushuka kwenye kisiwa cha mchanga, watu waogelee na kula nyama choma. Asubuhi nahodha alitangaza kwamba upepo umekuwa mkali, mashua za kushusha watu haziwezi kukaribia, kwa hiyo tutabaki melini. Abiria walinung'unika. Dada wa Kizanzibari alisimama mezani kama aliyeshinda kesi.

"Shamali hiyo! Nimesema, sikusema? Yalla, twendeni juu mtoto akaone!"

Tulipanda juu. Na kweli, upepo ulikuwa unapiga. Viti vilikuwa vimefungwa kamba, bendera zilikuwa zinapigapiga, na maji yalikuwa ya rangi ya chuma. Mimi meno yalianza kugongana hapo hapo. Dada wa Kizanzibari alijifunika blanketi hadi puani, zikabaki miwani tu. Mlinzi alijikunyata nyuma ya ukuta wa jiko la nje akipuliza viganja.

"Manze," alisema, "watu wa Kakamega hatukuumbiwa hii kitu."

Shosho alichagua benchi lililoelekea upepo, akakaa, akanyoosha miguu yake ndani ya ndala, akavuta pumzi. "Sasa ndio hewa," alisema.

"Dada, huyo mama yako mtu au jiwe?" dada wa Kizanzibari akaniuliza kutoka ndani ya blanketi.

"Mwambie nimesikia," Shosho akajibu. "Na umwambie aje akae, hapa kuna jua."

Mtoto alikuwa amesimama kwenye uzio, sweta yake ya kijani ikipepea. Nilimwendea. Nilikuwa na furaha ya kijinga, siwezi kuificha: baridi ilikuwa imekuja, mimi ndiye niliyeiitisha, na sasa angesema, basi, nitakaa.

"Unaona?" nikamwambia. "Huku pia kuna baridi."

Alifikiri. Kisha akafungua mdomo wake wote, akatoa pumzi ndefu, haaa, akiangalia mbele ya pua yake. Akarudia tena, kwa nguvu zaidi. Akanigeukia.

"Hakuna moshi," alisema.

Nilielewa mara moja. Sisi watu wa Kinangop baridi yetu tunaijua hivyo. Asubuhi watoto wakienda shule hutoa moshi mdomoni, hujifanya wazee wanaovuta kiko, na wasipouona husema leo si baridi. Nilikuwa nimeucheza mchezo huo kwenye barabara ile ile ya shule. Nilikuwa nimeusahau kabisa. Nikafungua mdomo na mimi. Haaa. Hakuna. Tulisimama hapo watu wawili tukihema juu ya bahari kama mbwa, na moshi hakuna.

"Lakini mimi nasikia baridi," nikamwambia.

Akanishika vidole. Akashtuka. "Mami! Wewe uko na baridi ya ukweli!"

"Ya ukweli."

"Na si wewe ni wa kwetu?"

Akavua ile sweta. Haingeweza kunitosha hata kwa mkono mmoja, kwa hiyo aliniviringishia shingoni na kufunga mikono yake kwa mbele, ule mrefu na ule mfupi, akakaza fundo kama anayefunga mzigo wa kuni. Akabaki na fulana tu, na wala hakutetemeka.

"Nikuambie kitu, na usilie?" aliniuliza.

"Niambie."

"Joto si mbaya hivyo. Nilisema joto sababu ningesema ile ingine ungelia."

"Ile ingine ni gani?"

Alimwangalia Shosho pale kwenye benchi. Dada wa Kizanzibari alikuwa ameshindwa na upepo, amekwenda kuketi upande wake wa jua, na Shosho alikuwa anamfunika vizuri miguu kwa ncha ya blanketi lile lile.

"Asubuhi magoti yake hayakunjiki," mtoto alisema. "Mimi ndio huwasha jiko, halafu namshika mkono anasimama. Anasema ako na majirani. Majirani wanakuja saa nne."

Nilitaka kusema nitatafuta msichana wa kumsaidia. Nilitaka kusema hiyo si kazi ya mtoto, na ni kweli si kazi ya mtoto. Lakini nilikuwa natafuta maneno kwa faida yangu, na alikuwa ananitazama kama mtu mzima anayesubiri mwenzake ajikaze.

"Unataka kurudi na Shosho," nikasema mimi, ili asilazimike kulisema yeye.

Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaongeza haraka, "Sasa. Si milele."

Sikulia. Aliniangalia kwa makini kuhakikisha. Mlinzi alitupigia kelele kutoka nyuma ya ukuta kwamba kama utafiti wa baridi umekwisha, chini kuna supu. Tukashuka kunywa supu.

Niliwasindikiza uwanja wa ndege wiki hiyo hiyo. Lile koti la manyoya Shosho alisema litamfaa jirani mwenye ng'ombe. Mtoto alitaka sweta yake, nikaanza kuifungua shingoni, maana bado nilikuwa nimeivaa. Akabadili nia. "Kaa nayo," alisema. "Shosho atanifumia ingine." Rafiki zangu wawili walinisubiri nje, tukarudi pamoja. Dada wa Kizanzibari alisema tu, "Mtoto ana adabu yule," na mlinzi, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakucheka.

Sasa kitanda chake kipo chumbani kwangu na juu yake nakunja nguo. Nimezungumza na mama mmoja wa kijijini awe anafika kwa Shosho mapema, na amekubali. Mtoto anajua. Sijamuuliza tena kuhusu kuja. Sitaki nionekane nilitafuta msaidizi ili nimnunue yeye, ingawa nikijichunguza vizuri, sehemu ya sababu ni hiyo.

Juzi alinitumia video, iliyochukuliwa kwa simu ya Shosho. Ni asubuhi, yuko njiani na sare ya shule, nyuma yake shamba limekuwa jeupe. Anasema, "Mami, ona!" Anasogeza simu karibu, anahema, haaa, na moshi unatoka kweli, mwingi, unaigonga kamera na kuifunika, na uso wake unapotea. Unasikia kicheko tu. Kisha kidole chake kinakuja kupangusa. Kila nikiitazama natamani kidole kichelewe, halafu natamani kiwahi.

Jana niliingia friza kuchukua mikate. Mlango ulijifunga nyuma yangu kama kawaida, nikasimama kati ya makatoni ya chipsi, nikatoa simu. Nikafungua mdomo mbele ya kamera. Haaa. Ulitoka. Moshi mzuri, mweupe, kama wa nyumbani. Nikahema tena na tena mpaka mpishi akagonga mlango.

"Madam, umepata mikate?"

"Nakuja!"

Nilituma video hiyo nikiwa nimesimama karibu na oveni, vidole bado vina ganzi. Nilifikiri mtoto hatagundua. Jibu lake lilikuja baada ya shule, sauti yake fupi, na Shosho akicheka kwa mbali.

"Mami, hiyo ni friza," alisema. Kisha nikasikia haaa yangu, anaitazama tena. "Na si uvae ile sweta?"