Kibande

Sisi tulikula chini, mkekani, sinia katikati. Meza ililetwa kwetu Garissa miaka ya tisini kwa sababu mama hakutaka wageni wa maofisini watuone washamba wanapokuja kunywa chai. Ilikuwa kuukuu, imeungua kwa sigara, basi mama akaficha ubovu wake kwa mfarishi wa nyanya, mzaa mama, ulioshonwa kwa mkono kwa viraka vya kila rangi. Uliteremka mpaka sakafuni pande zote. Nyanya alinuna. Kwake mfarishi ni wa kulalia, si wa kumwagiwa chai.

Viraka hivyo aliviomba mwenyewe kwa mafundi cherehani sokoni. Kiswahili chake chote kilikuwa neno moja, kipande, na kwa ulimi wake wa Kisomali p iligeuka b. "Kibande, kibande," alisema, kanyoosha mkono. Mafundi walimcheka, wakampa.

Halafu majambazi wakashambulia lori karibu na Modogashe, na askari wakaingia mtaani kwetu mchana kusaka vijana. Tulisikia mlango wa jirani ukivunjwa, kisha mayowe. Kaka yangu hakuwa na kitambulisho. Ofisini walikuwa wamemzungusha njoo kesho, njoo kesho, mpaka akachoka. Mama alimsukuma chini ya meza, mfarishi ukamficha.

Waliingia wawili. Mmoja alipasua kabati kwa teke, akamwaga unga, akamzaba mama kofi lililomtoa damu puani. Nilitamani kumng'ata. Mwenzake alishatoka kwenda uani, na huyu aliyempiga mama alikuwa anaelekea mlangoni. Ndipo akamwona nyanya, akamwekea bunduki kifuani.

"Wee mama mzee! Toa kipande!"

Kenya nzima inajua kipande ni kitambulisho. Nyanya hakujua. Niliona uso wake ukikunjuka, maskini, kwa kusikia neno analolijua.

"Kibande? Haa, kibande! Chukua!"

Akashika pindo la mfarishi, akauvuta wote. Vikombe vikapasuka chini. Kaka yangu alikuwa amejikunyata pale, magoti kidevuni, anatutazama.

Mwenzake akarudi mbio, wakamvuta kwa miguu. Walimpiga kitako cha bunduki mdomoni, meno yakaruka kwenye saruji. Walimkanyaga mkono, nikasikia mfupa. Mama alijitupa juu yake, wakampiga naye mgongoni, wakamsukuma pembeni kwa buti. Kisha wakamburura kaka hadi nje na kumrusha ndani ya lori lao, juu ya vijana wengine. Hatukumwona tena.

Nyanya alibaki amesimama, mfarishi mikononi. Akamuuliza mama kwa Kisomali yule mtu alikuwa anataka nini.

Nilitaka mama amwambie ukweli, umchome. Saa ile nilimchukia nyanya kuliko askari. Mama alijifuta damu kwa ushungi, akanikazia macho ninyamaze.

"Alitaka kitambaa, Hoyo," alimjibu mama yake. "Umefanya vizuri kumpa."

Nyanya akautazama mfarishi.

"Sasa mbona ameuacha, kamchukua mtoto?"