Hita ya Mke Mwenzangu

Mke mwenzangu alipojifungua, nilikwenda kwake Makupa kumpa hongera na kumpelekea uji wa pilipili manga. Bafuni nikaikuta hita mpya ukutani. Nilifungua bomba, maji ya moto yakanimwagikia mkononi, na wivu ukanishika.

“Mume wetu ameifunga mwenyewe,” aliniambia kwa upole. “Alishinda nayo siku nzima, dada.”

Kwangu Mji wa Kale, bomba la jikoni lilikuwa likivuja tangu kabla ya Ramadhani. Kila nilipomkumbusha mume wetu alinijibu, “Inshallah, kesho.” Nilikuwa nimelitegea ndoo, naimwaga asubuhi na jioni.

Siku ile nilipokuwa narudi nilipitia duka la vyuma karibu na Marikiti. Muuzaji akanipa kipande cha mpira cha kuzuia maji na kunieleza kinapokaa. Nyumbani nilifunga maji ya tangi, nikalifungua bomba kwa spana ya marehemu baba, nikautoa mpira uliolika na kutia mpya. Nilichubuka vidole, lakini bomba liliacha kuvuja.

Zamu yangu ilipofika, mume wangu alisimama jikoni akilitazama bomba.

“Fundi gani ameingia humu nami sipo?”

“Nimetengeneza mwenyewe.”

Hakuniamini. Aliniuliza tena tukila, na tena tukinywa kahawa, sauti ikizidi kuwa ndogo. Ningeweza kumpeleka kwa yule muuzaji akamuulize. Sikumpeleka. Nilimwacha na wivu wake, na kusema kweli, nilifurahi.