Picha Ndogo ya Kutoka Tunduru

Unaweza kusema nimebuni. Walioniona nilivyokuwa wiki ile pale Majengo wanajua sikubuni. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza picha kwa kompyuta: kalenda, kadi za harusi, mabango ya misiba, picha za tovuti za nyumba za wageni. Mimi si mtu wa kuona majini. Sikuwahi.

Ilikuwa Ijumaa, saa nane mchana, mvua inamwagika. Akaingia dukani kwangu mwanaume wa makamo, amevaa kanzu, kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia kwa sauti ya chini, akaketi kwenye kiti nyuma yangu. Kanzu yake ilikuwa kavu. Niliona, nikapuuza. Wewe ungeuliza?

Akanipa flashi. Ndani mlikuwa na picha moja tu: mwanamke na mwanaume wamesimama mbele ya ukuta wa matofali.

"Mfute huyo mwanaume, binti," akasema. "Abaki mama peke yake."

Kazi ya kawaida. Watu wakiachana huja kuomba wenzao wafutwe. Lakini picha yenyewe ilikuwa ndogo mno, ya simu ya zamani. Picha za namna hiyo ni vidoti vilivyopangwa tu. Ukiikuza sana, unabaki na miraba ya rangi. Nikaikuza. Uso wa mwanamke ukavunjika miraba, kama ilivyo kawaida. Ukuta nao ukavunjika. Uso wa mwanaume haukuvunjika. Niamini. Nilikuza, nikakuza tena, nikaona vinyweleo, nikaona kovu chini ya jicho la kushoto, nikaona vumbi jekundu kwenye kope. Halafu zile kope zikapepesa.

Niligeuka. Yule baba alikuwa amevua kofia. Kovu lilelile. Vumbi lilelile.

"Ni mimi," akasema. "Mke wangu akiitazama hiyo picha ananiita. Sipumziki huko niliko. Futa."

Nilitaka kupiga kelele. Mikono ndiyo iliyofanya kazi. Nikachota vidoti vya ukuta nikampaka navyo, miguu, kifua, mwisho uso. Pumzi yake ilikuwa shingoni mwangu, baridi, inanuka udongo mbichi. Nikasevu juu ya picha ileile bila kubakiza nakala, kosa ambalo hata mwanafunzi hafanyi. Nilipogeuka, kiti kilikuwa kitupu. Sakafuni hakuna hata alama ya mguu.

Jumatatu akaja mama mmoja, mtoto mgongoni. Ametoka Tunduru, amefikia kwa kaka yake, mtaa wa Bombambili. Flashi yake ilimpotea Ijumaa stendi, akawa anazunguka maduka ya picha, maana mtu akiokota flashi atapeleka wapi? Mumewe alifukiwa na shimo kwenye machimbo ya vito, mwili haukupatikana. Mtoto alizaliwa baadaye. Picha ile ndiyo pekee waliyobaki nayo, alitaka ikuzwe, itundikwe ukutani, mtoto amjue baba yake.

Flashi ilikuwa bado kwenye kompyuta yangu. Nikamfungulia picha. Ningefanyaje? Akaisogelea skrini.

"Dada, mume wangu yuko wapi?"

Nikamweleza yote. Hakunitukana, hakulia. Nilijaribu kila programu ya kurudisha mafaili, siku tatu nzima. Haikuwezekana. Chini ya kidoti kilichopakwa hakuna kidoti kingine.

"Basi nichoree," akasema aliporudi. "Si wewe ulimwona kwa karibu?"

Nikashika kalamu. Kovu nilijua lilikuwepo. Uso wenyewe nilipouvuta akilini ulikuja miraba mitupu, ya kahawia na nyeusi.

Mwezi uliofuata alinipigia simu. "Dada, na mimi sura yake imenitoka. Sauti naikumbuka. Uso sina. Hata ndugu zake wanasema hawana."

Kazi ile niliacha. Nikishika kompyuta mpaka leo mikono inakufa ganzi.

Kwa hiyo wewe unayetengeneza picha za watu, usiguse picha halisi kabla ya kuweka nakala. Na mtu akija peke yake kukuomba umfute mtu, geuka kwanza, mtazame vizuri usoni. Nakusihi.

Yule mtoto sasa anatembea na anaongea. Akiulizia baba yake, mama yake humwambia alikuwa mrefu.